Kuponi za Vyakula Nchini Marekani: Nani Anayelipa Punguzo?

Kuponi ya vyakula, kwa maana inayotumika katika maduka makubwa ya Marekani, ni hati ndogo ya karatasi au rekodi ya kidijitali inayompa mnunuzi haki ya kupunguziwa bei ya bidhaa fulani, kwa kiasi kilichotajwa, kabla ya tarehe iliyowekwa na kwa masharti yaliyoandikwa juu yake. Wengi huiona kuwa ni zawadi, lakini kwa hakika ni ahadi ya malipo, kwa sababu sehemu ya bei ambayo mnunuzi haitoi mfukoni mwake hulipwa na mwingine asiyeonekana pale kaunta. Huyo mwingine anaweza kuwa kiwanda kilichotengeneza bidhaa, duka lenyewe, au kampuni ya tatu inayonufaika na taarifa za manunuzi. Aina za kuponi ni nyingi na hubadilika kadiri teknolojia inavyobadilika, kwa hiyo si lazima kuzikariri zote. Anayejua kuuliza ni nani anayelipa punguzo hili, na kwa nini amekubali kulilipa, amekwisha kushika ufunguo wa kuzielewa karibu zote.

Jambo hili lina uzito kwa wasomaji wa Kiswahili kwa sababu familia nyingi zinazokitumia, hasa zile zilizotoka mashariki ya Kongo na kuhamishiwa Marekani kama wakimbizi, hukutana na kuponi hizi wakati bajeti ya jikoni ni finyu na lugha ya maandishi madogo bado ni ngumu. Baadhi yao walipitia kambi ya Kakuma nchini Kenya, ambako mwaka 2015 sehemu ya chakula cha msaada ilianza kutolewa kwa mpango wa Bamba Chakula, yaani thamani ya fedha inayotumwa kwenye simu na kutumika kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Vocha ya namna hiyo ni fedha kamili kwa ajili ya chakula, ilhali kuponi ya dukani si fedha, bali ni kipunguzo kinachofanya kazi pale tu mnunuzi anapotoa fedha zake mwenyewe. Kuchanganya vitu hivi viwili ndiko humfanya mtu afike kaunta akitarajia kupewa chakula bure, kisha akaambiwa alipe.

Hata nchini Marekani kwenyewe maneno haya yaliwahi kuingiliana. Mwaka 1939, katika mji wa Rochester jimboni New York, serikali ilianzisha mpango wa stempu za chakula, ambapo mhitaji alinunua stempu za rangi ya chungwa na kwa kila dola moja akaongezewa stempu za buluu zenye thamani ya senti 50 za kununulia vyakula vilivyozidi sokoni. Mpango wa kudumu uliwekwa na sheria ya mwaka 1964, na vijitabu vyake vya karatasi vilijulikana rasmi kama kuponi za chakula, hadi vilipochukuliwa nafasi na kadi ya kielektroniki na mpango wenyewe ukapewa jina la SNAP mwaka 2008. Leo mwenye kadi ya SNAP anaruhusiwa kutumia pia kuponi za viwanda na za maduka, nazo humsaidia kuirefusha posho yake, ingawa katika baadhi ya majimbo sehemu ya bei iliyolipwa na kuponi ya kiwanda yaweza kutozwa kodi ya mauzo, kwa kuwa sehemu hiyo haikulipwa na SNAP.

Chimbuko la ahadi hii

Historia ya kuponi za biashara mara nyingi husimuliwa kuanzia Coca-Cola, kinywaji cha mji wa Atlanta ambacho mwishoni mwa miaka ya 1880 kilianza kutangazwa kwa tiketi zilizomruhusu aliyenazo kunywa bure glasi moja iliyouzwa senti 5. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1894 na 1913 glasi zipatazo milioni 8.5 zilinywewa kwa njia hiyo. Kilichofanya tiketi hizo zikubalike si ukarimu wa wenye maduka ya dawa waliouza kinywaji hicho, bali uhakika kwamba kampuni ingewafidia kwa kuwapa sharubati ya kutengenezea kinywaji. Hivyo tangu siku za mwanzo alikuwapo mnunuzi aliyepunguziwa, muuzaji aliyepokea karatasi mahali pa fedha, na mtengenezaji aliyeilipia karatasi hiyo ili jina la bidhaa yake lienee. Muda si mrefu kampuni ya C. W. Post ikatoa kuponi ya senti 1 kwa wanunuzi wa nafaka za Grape-Nuts, na mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 ukazigeuza kuponi kuwa sehemu ya maisha ya kaya zilizolazimika kuhesabu kila senti.

Kadiri karatasi zilivyoongezeka, ndivyo kazi ya kuzihesabu na kuzirejesha kwa waliozitoa ilivyowaelemea wenye maduka, na mwaka 1957 kampuni ya Nielsen ikaanzisha kituo maalumu cha kuzikusanya, kuzichambua na kusimamia malipo yake. Mwaka 1972 kampuni ya Valassis ilianza kuchapisha vijarida vya kuponi vinavyochomekwa ndani ya magazeti, na kwa miongo kadhaa gazeti la Jumapili likawa chanzo kikuu cha kuponi majumbani. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna wa Wrigley ilikuwa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa msimbopau, ile mistari myeusi na myeupe inayotambuliwa na mashine. Kuanzia hapo ikawezekana mashine, badala ya macho ya keshia, kuhakikisha kwamba kuponi inalingana na bidhaa iliyonunuliwa.

Aina za kuponi kwa kufuata mlipaji

Aina ya kwanza, na iliyo pana kuliko zote, ni kuponi ya kiwanda, ambayo hutolewa na mtengenezaji wa bidhaa na kupokelewa katika duka lolote linaloiuza bidhaa hiyo na lenye utaratibu wa kupokea kuponi. Juu yake huandikwa kwamba ni ya mtengenezaji, na chini, kwa herufi ndogo, huwa na anwani ambayo duka hutuma karatasi hiyo ili lirejeshewe thamani yake pamoja na ada ya usumbufu, ambayo kwa kawaida ni senti 8. Anwani hizo mara nyingi huwa za Del Rio au El Paso, miji ya Texas iliyo mpakani mwa Mexico, kwa kuwa kazi ya kuzichambua kuponi kwa mikono imekuwa ikifanyika kwa wingi upande wa pili wa mpaka, ambako ujira uko chini. Kuponi hizi humfikia mnunuzi kwa njia mbalimbali: ndani ya vijarida vya magazetini, zikiwa zimebandikwa juu ya pakiti ili zibanduliwe wakati wa kulipa, katika vishikizo vilivyo kando ya rafu, au katika tovuti ambako mtu huzichapisha nyumbani kwa idadi maalumu.

Aina ya pili ni kuponi ya duka, inayotolewa na mwenye duka kwa gharama yake na kutumika kwake peke yake, isipokuwa pale ambapo duka jingine limeamua kupokea kuponi za washindani ili kuvuta wateja. Lengo la kiwanda ni kumfanya mnunuzi achague chapa yake popote aingiapo, lakini lengo la duka ni kumfanya aingie humo, kwa matumaini kwamba aliyefuata maziwa ya bei nafuu atajaza pia mkokoteni wake vitu vya bei ya kawaida. Ndiyo maana kuponi za duka huwahusu kuku, mboga, matunda na mkate, vyakula ambavyo kuponi za viwanda huvigusa mara chache, kwani nyanya au sukuma wiki haina kiwanda kikubwa kinachotafuta umaarufu wa jina. Katika kundi hili zimo pia kuponi za jumla, kwa mfano ile inayopunguza dola 10 kwa anayenunua vitu vya dola 50. Mwenye nayo hana budi kujua kama duka hupima dola hizo 50 kabla au baada ya kuponi nyingine kukatwa, maana tofauti hiyo yaweza kuibatilisha.

Aina ya tatu ni kuponi inayochapishwa na mashine ndogo kando ya keshia mara baada ya malipo, ambayo wengi huiita Catalina kwa jina la kampuni iliyoueneza utaratibu huo. Mashine hiyo huangalia kilichonunuliwa na kutoa karatasi inayolingana nacho, kiasi kwamba aliyenunua mtindi wa chapa moja aweza kupewa kuponi ya mtindi wa chapa shindani, kwa sababu mshindani ndiye aliyelipia nafasi hiyo ya kumshawishi. Nyingine hutoa kiasi fulani cha dola kwa manunuzi yatakayofuata katika duka lilelile, na kwa kuwa muda wake mara nyingi huwa ni wiki chache tu, anayeitupa pamoja na risiti hutupa fedha.

Aina ya nne ni kuponi ya kidijitali, ambayo haishikiki mkononi bali huhifadhiwa katika akaunti ya uanachama wa duka na kukatwa yenyewe mnunuzi anapoingiza namba yake ya simu au kuonyesha kadi yake. Kosa la kawaida hapa ni kudhani kwamba punguzo lililoandikwa kwenye rafu litajitokeza lenyewe. Mara nyingi ni lazima mtu aliteue kwanza katika programu ya duka, na asipofanya hivyo kabla ya kulipa, atatozwa bei kamili. Yapo pia marejesho ya baada ya ununuzi, yanayotolewa na kampuni kama Ibotta, ambapo mnunuzi hulipa bei nzima, hupiga picha risiti yake, kisha huwekewa kiasi fulani katika akaunti anayoweza kutoa fedha ikifikia kiwango kilichowekwa. Mlipaji katika mfumo huu huwa ni watengenezaji kupitia kampuni ya kati, na sehemu ya kile wanachokinunua ni taarifa za nani amenunua nini, wapi na lini.

Kuziunganisha kuponi kwa halali

Mnunuzi akishatambua mlipaji, kanuni ambazo huonekana kama vizuizi vya ovyo hupata maana. Maduka mengi huruhusu bidhaa moja ikatwe kuponi moja ya kiwanda na moja ya duka kwa pamoja, lakini hayaruhusu kuponi mbili za kiwanda, kwa kuwa kila mlipaji amekubali kulipia bidhaa hiyo mara moja tu. Tuseme boksi la nafaka za kifungua kinywa linauzwa dola 5, kuponi ya kiwanda ni ya dola 1.50 na ya duka ni ya dola 1. Mnunuzi atalipa dola 2.50; duka litarejeshewa dola 1.50 na kiwanda pamoja na senti 8 za usumbufu, na ile dola 1 itakuwa gharama yake yenyewe ya kumvuta mteja.

Baadhi ya maduka huenda mbali zaidi na kuiongeza maradufu thamani ya kuponi ya kiwanda, kwa kawaida zile ndogo, hivi kwamba kuponi ya senti 50 humpunguzia mnunuzi dola 1. Kiwanda hulipa senti 50 zilizoandikwa na duka hujazia senti 50 nyingine, na ndiyo sababu utaratibu huo hutegemea sera ya duka wala si haki ya mnunuzi, hata pale ambapo kuponi yenyewe haina maneno ya kuukataza. Ofa ya kununua moja na kupata ya pili bure nayo hufuata mantiki hiyohiyo, kwani ikitolewa na duka, punguzo la pakiti ya pili ni la duka, na katika maduka mengi kuponi ya kiwanda yaweza bado kutumika kwa pakiti iliyolipiwa.

Mlipaji huonekana hata katika kodi. Katika majimbo kama New York na California, kuponi ya duka huhesabiwa kuwa bei yenyewe imeshushwa, ilhali kuponi ya kiwanda huhesabiwa kuwa bei imebaki ileile na sehemu yake imelipwa na mtu mwingine. Sabuni ya kufulia ya dola 10 ikikatwa dola 2 kwa kuponi ya duka, kodi ya mauzo hutozwa juu ya dola 8. Ikikatwa kiasi kilekile kwa kuponi ya kiwanda, kodi hutozwa juu ya dola 10 nzima.

Kuisoma kuponi

Maneno ya kuponi ni machache, lakini kila neno limewekwa kwa kusudi. Mnunuzi aangalie kwanza tarehe ya mwisho, akikumbuka kwamba Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku, hivyo 04/09 si tarehe 4 Septemba bali ni tarehe 9 Aprili. Kisha aangalie aina na ukubwa wa bidhaa, kwa kuwa picha iliyochapishwa mara nyingi huwa ni ya bidhaa ghali kuliko zote, ilhali maandishi yaweza kuruhusu kopo dogo zaidi au ladha nyingine. Kinachofunga mkataba ni maandishi.

Sharti linalowachanganya wengi ni lile la kuponi moja kwa kila ununuzi. Katika lugha ya kuponi, ununuzi ni kila bidhaa inayolipiwa, kwa hiyo mwenye makopo manne ya maharage anaweza kutumia kuponi nne, kopo moja kwa kuponi moja. Likiandikwa kwamba ni kuponi moja kwa kila malipo, ndipo inapomaanisha kuponi moja kwa mzunguko mzima wa kaunta hadi risiti itoke. Nyingine huweka ukomo wa kuponi nne zinazofanana kwa safari moja ya dukani, ili wachache wasikombe rafu nzima. Kuhusu yale maandishi yanayosema kwamba kuponi ina thamani ya fedha taslimu ya sehemu moja ya mia ya senti, hayo ni mabaki ya zama za stempu za biashara, ambapo majimbo kadhaa yalitaka hati za namna hiyo ziwe na thamani fulani ya fedha, na watengenezaji wakaandika thamani ndogo kadiri ilivyowezekana.

Punguzo lililo na faida na lisilo na faida

Kuponi hupunguza bei, lakini haiwi akiba mpaka bei iliyobaki iwe ndogo kuliko ile ambayo mnunuzi angelipa bila kuponi. Tuchukue kahawa ya chapa maarufu, pakiti ya wakia 12 inayouzwa dola 9. Kwa kuponi ya dola 1.50 itashuka hadi dola 7.50, yaani senti 62.5 kwa kila wakia. Endapo kando yake ipo kahawa ya chapa ya duka, wakia 12 kwa dola 6, ambayo ni senti 50 kwa wakia, basi aliyetumia kuponi amelipa dola 1.50 zaidi kwa kiasi kilekile cha kahawa. Vibandiko vya rafuni katika maduka mengi huonyesha bei kwa wakia au kwa ratili, na kuvisoma hivyo kuna faida kubwa kuliko kukusanya kuponi nyingi.

Akiba ya kweli hupatikana kuponi inapokutana na wakati ambapo duka lenyewe limeshusha bei, jambo ambalo kwa bidhaa nyingi zisizoharibika hujirudia kila baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo mtumiaji makini huitunza kuponi yake hadi bei ishuke, badala ya kuitumia siku aliyoipata, na bidhaa ikiwa imekwisha rafuni huomba hati ya ahadi, ambayo baadhi ya maduka hutoa ili ile bei ya ofa iheshimiwe mzigo mpya utakapofika. Zaidi ya yote, huanza na orodha ya mahitaji ya nyumbani kwake na kuitafutia kuponi, kwa kuwa anayeanza na kuponi na kuitafutia mahitaji hujaza kabati vitu ambavyo watoto wake hawavili.

Kwa kuwa kuponi ni ahadi ya malipo, kuighushi ni sawa na kughushi hundi. Kutoa nakala ya kuponi iliyochapishwa nyumbani au kuitumia kwa bidhaa isiyotajwa ni udanganyifu, na hasara humwangukia mwenye duka ambaye kiwanda kitakataa kumrejeshea. Mwaka 2021 mahakama ya shirikisho jimboni Virginia ilimhukumu mwanamke mmoja kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza na kuuza kuponi bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Mgeni wa nchi ajihadhari hasa na watu wanaouza kuponi katika mitandao ya kijamii, kwa kuwa kuponi halisi hutolewa bila malipo, na masharti ya nyingi huzitaja kuwa batili mara zinapouzwa au kuhamishwa.

Anayelipa mwisho wa yote

Linabaki swali la kwa nini viwanda visishushe tu bei kwa wote. Wanauchumi hueleza kwamba kuponi huwatenga wanunuzi katika makundi mawili: walio tayari kutumia muda kutafuta, kukata na kupanga, ambao hujali bei kuliko chapa, na wasio na muda au haja hiyo, ambao hulipa bei kamili. Kiwanda hupata hivyo njia ya kumuuzia wa kwanza kwa bei ndogo bila kupoteza faida anayoitoa wa pili, na kwa maana hiyo punguzo la mmoja hubebwa kwa sehemu na bei anayolipa jirani yake. Mwaka 1996 kampuni ya Procter & Gamble ilijaribu kuondoa kabisa kuponi zake katika miji ya Buffalo, Syracuse na Rochester, mji uleule wa stempu za mwaka 1939, ikisema kwamba bei za chini za kila siku zingemfaa mnunuzi zaidi. Wakazi walipinga kwa nguvu, jaribio likasitishwa mwaka 1997, na kampuni hiyo pamoja na wenzake wa biashara, bila kukiri kosa, wakamaliza shauri na mwanasheria mkuu wa jimbo kwa makubaliano ya dola milioni 4.2. Watu wa Rochester hawakuona kwamba wamepunguziwa bei, bali kwamba wameondolewa chombo ambacho bidii yao wenyewe ilikifanya kuwa fedha.

Hoja hiyo imerudi leo kwa sura nyingine. Katika karatasi, gharama ya kupata punguzo ilikuwa muda na mkasi, vitu ambavyo maskini na mzee anayeishi kwa pensheni waliweza kuvipata. Katika programu ya simu, gharama ni simu ya kisasa, intaneti, anwani ya baruapepe na uwezo wa kusoma Kiingereza, vitu ambavyo mara nyingi huvikosa yuleyule anayelihitaji punguzo zaidi. Mwaka 2025 baraza la jiji la San Diego, California, lilipitisha kanuni ya kuyataka maduka ya vyakula yanayotoa kuponi za kidijitali yaandae pia za karatasi kwa wanaozihitaji, kwa kutambua kwamba bibi asiye na simu ya kisasa alikuwa akilipa zaidi kwa nyama na maziwa yaleyale. Pale ambapo kanuni kama hiyo haipo, maduka mengi yana dawati la huduma kwa wateja ambapo mtu anaweza kuomba bei ya kuponi ya kidijitali, na kijana wa nyumbani anayejua kuitumia programu ya duka anaweza kumwandalia mama au nyanya yake akaunti na kumteulia kuponi za wiki kabla hajatoka kwenda sokoni. Ni kazi ya dakika chache, na bila hiyo mzee huyo atabaki miongoni mwa wale wanaolipa bei kamili, ambao bila kujua huwalipia wengine punguzo.